Kompyuta yetu ilikosa dereva, baba mkwe akaja na leseni

Jumapili, tarehe kumi na nne. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika adhuhuri, sasa hivi ni manyunyu tu. Matofali niliyofyatua juzi nimeyafunika turubai, sijui kama yatapona.

Wakuu, habari za jioni.

Mnisamehe kuanza na tarehe na mvua. Ni mazoea ya daftari langu. Kila siku naandika hivyo kabla ya kulala, na nikiacha najiona kama nimetoka nyumbani peku.

Ninayoandika hapa yametokea kweli. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki. Mke wangu amekaa hapa pembeni anachambua mchele wa kesho, na nimemwahidi kumsomea kabla sijabandika, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina nafasi.

Wale mlionisaidia kwenye uzi wangu wa drivers, huu ndio mrejesho. Ila umekuwa mrefu kuliko tatizo lenyewe, kwa sababu katikati yake ameingia mtu.

Nianze na sisi ni akina nani.

Naishi Mbwawa, Kibaha. Nafyatua matofali. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mambo ya kompyuta nayaokota humu humu kwenu, na mengi nayaelewa nusu. Mke wangu, Zuhura, anafundisha watoto wadogo barazani kwetu, wale ambao mama zao wanawahi magari ya Dar asubuhi.

Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe. Mimi ni Mnyamwezi. Wanaojua utani wa makabila hayo wameshaanza kucheka.

Sasa, Zuhura ana koo. Mwaka jana sauti ilikuwa inamkauka mpaka inakatika, daktari akamwambia aipumzishe, asiimbe sana. Mwalimu wa watoto wadogo asipoimba atafundisha nini?

Ndipo tukapata hii desktop, mtumba, kutoka ofisi moja iliyokuwa inabadilisha vifaa vyake. Siku moja Zuhura alipoamka na sauti nzuri tulirekodi nyimbo zake kwa simu. Ba be bi bo bu, siku za wiki, kuhesabu mpaka kumi. Nikaziweka kwenye kompyuta.

Asubuhi anabonyeza, kompyuta inaimba kwa sauti yake, watoto wanaitikia, yeye anaonyesha herufi ubaoni kwa fimbo. Ilikuwa raha.

Ilikuwa raha mpaka mimi nilipoamua kuiboresha.

Ilikuwa na Windows 7, nzito. Ukiiwasha huku umebandika chai, chai inatangulia. Nikasoma humu kwamba hata mashine ya zamani inaweza kupokea Windows 10. Mwenye stationery mmoja Maili Moja akanipa setup kwenye flash. Nikahifadhi nyimbo kwenye flash nyingine (aliyenikumbusha hilo Mungu ambariki), nikafuta, nikaweka mpya.

Ikawaka vizuri. Nikajipongeza moyoni.

Kisha nikabonyeza wimbo.

Kimya.

Kale kamstari ka kuonyesha wimbo unakwenda kalikuwa kanatembea, lakini sauti hakuna. Mtandao hakuna. Maandishi kwenye kioo yamekuwa makubwa kama ya bango la barabarani. Nikaingia Device Manager kama mlivyonielekeza, nikakuta alama za njano za mshangao zimejipanga kama vifaranga.

Nikaja humu nikauliza, mkaniambia: mkuu, hiyo haina drivers.

Niseme ukweli. Neno hilo mimi nilikuwa najua maana yake moja tu, na nikalichukua hivyo hivyo. Nikamwambia Zuhura, kompyuta ni nzima ila imekosa dereva wa sauti. Akasema basi mtafute. Kuanzia hapo ikawa ndiyo lugha ya nyumbani. Nikitoka kazini ananiuliza, dereva kapatikana? Namjibu, bado, wa leo kakataa.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Ni la nani, sina hakika. Nitaeleza, mgawane wenyewe.

Jumapili iliyopita jioni Zuhura alimpigia simu mama yake Kisarawe. Wiki nzima alikuwa ameimba mwenyewe, sauti imebaki kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Mama mkwe akamuuliza mbona unasikika hivyo. Akamjibu kwamba kompyuta ya watoto haina dereva, mwenzangu anahangaika kumtafuta.

Neno kompyuta alilisema. Nilikuwepo, nathibitisha. Kama lilifika Kisarawe, hilo sithibitishi, maana mimi mwenyewe niliyekaa naye mkeka mmoja nililisikia kwa tabu.

Kilichofika Kisarawe ni hiki: watoto wa Zuhura wamepata gari, gari halina dereva, na mkwe anahangaika kumtafuta.

Na Kisarawe dereva yupo.

Baba mkwe wangu, Mzee Kibwana, ameendesha malori tangu ujana wake. Mkaa, magogo, saruji, nazi. Lori la mwisho tajiri wake aliliuza, walionunua wakaja na dereva wao. Tangu hapo mzee yuko nyumbani, analima mihogo, anafuga kuku. Lakini ukimuuliza kazi yake anasema ni dereva. Hasemi nilikuwa dereva. Leseni haijawahi kumfia mkononi, kila ikikaribia kwisha anaihuisha. Mama mkwe humwambia leseni hiyo ingekuwa mbuzi sasa hivi wangekuwa na zizi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa naosha koleo, nikaona bodaboda imesimama mbele ya nyumba. Anashuka baba mkwe.

Shati jeupe limepigwa pasi, suruali ya kadeti, baraghashia safi. Mkononi mfuko wa safari. Kwapani mto.

Huo mto lazima niueleze. Ni mto mdogo wa kukalia, kitenge chake kimepauka mpaka maua hayaonekani. Mama mkwe alimshonea zamani kwa sababu mzee ni mfupi, na kwenye lori bila mto haoni mbele ya boneti. Tangu nimwoe binti yake nimeuona mto huo umening'inia msumarini chumbani kwao, sikuwahi kuuona barabarani.

Nikampokea mfuko. Nikamwamkia, akaitikia. Mto hakunipa. Akaangalia uani, akaangalia upande wa matofali, akanyoosha shingo kuangalia nyuma ya banda la kuku.

Akauliza, "Liko gereji?"

"Nini, baba?"

"Gari la watoto."

Wakuu, nilisikia ile simu ya jana yake inajirudia yote kichwani, neno kwa neno, na nikaona lile neno moja lilipodondokea.

Nikamjibu, "Bado halijawa tayari."

Jibu hilo nimelifikiria wiki nzima. Kompyuta kweli ilikuwa haijawa tayari. Lakini yeye hakuniuliza kompyuta, aliniuliza gari. Kwa hiyo ni uongo, nauandika kama uongo.

Mzee akasema hakuna tabu, kila gari linapoanza lina mambo yake, atasubiri. Kisha akatoa leseni mfukoni, akanipa niione, bila kuombwa. Nikaipokea kwa mikono miwili. Sikujua niangalie nini. Nikaangalia picha, nikamrudishia.

Jikoni nilimkuta Zuhura ameshaelewa. Alikuwa amesikia dirishani.

"Mwambie," akasema, kwa kile kisauti chake.

"Mwambie wewe, baba yako."

"Huyo dereva nani kamleta humu ndani, mimi au wewe?"

"Simu ulipiga wewe."

"Kwa sauti gani? Na sauti nimeimaliza kwa sababu ya nani?"

Haki ilikuwa yake.

Wengine mtasema jambo lenyewe dogo, si umwambie tu. Ngojeni.

Kwanza kuna ukwe. Kwa kabila huyu mzee ni mtani wangu, ningeweza kumwambia umetoka Kisarawe kuja kuendesha upepo, akacheka, tukanywa chai. Kwa ndoa ni mkwe, hata kumtazama usoni kwa muda mrefu sithubutu. Mzee naye ni hivyo hivyo. Nimemwona msibani akiwatania Wanyamwezi wengine mpaka waliofiwa wanacheka. Akifika kwangu anakuwa mpole, ananiita mwanangu, anauliza afya. Huwa najiuliza kama ni heshima au ni kwamba hajanizoea. Sijawahi kupata jibu.

Pili, jioni ile mama mkwe alipiga. Zuhura alikuwa hana sauti, akanipa mimi simu. Mama akasema mzee usiku wa jana shati alilifua mwenyewe, akalipiga pasi mwenyewe. Na alfajiri wakati ananyoa ndevu alikuwa anaimba. Akasema, "Mwanangu, nilikuwa nimeshasahau kwamba huwa anaimba."

Kisha akaniuliza hilo gari ni la aina gani.

Nikasema mtandao unakatakata. Huo ni uongo wa pili.

Mkweli ambaye angeweza kumwambia jioni ile, simjui. Labda yupo humu. Mimi nililala nikiomba usiku uwe mrefu.

Jumanne watoto walipoondoka nikakaa kwenye kompyuta. Mvua ilikuwa inanyesha, kazi ya matofali hakuna. Kwa wale wenye tatizo kama langu: kompyuta haikuwa na mtandao, na bila mtandao huwezi kudownload driver, hata wa huo mtandao wenyewe. Kwa hiyo nilisoma namba ya modeli kwenye kibandiko mgongoni mwa mashine, nikaenda kwenye tovuti ya walioitengeneza kwa kutumia simu, nikadownload, nikahamishia kwa waya. Driver wa mtandao akakubali. Wa sauti kila nikimleta anakataa, ananiandikia kwamba mfumo huu haumfai.

Nikamleta tena, akakataa tena.

Mzee alikuwa amemaliza kuswali adhuhuri. Akavuta stuli, akaweka mto wake juu, akaketi pembeni yangu. Ndiyo mara ya kwanza mto ule kutumika tangu afike.

Akauliza nafanya nini.

Nikaanza kumweleza. Nawaapia sikuwa nimepanga kumwambia. Nilitaka tu kujibu swali.

Nikamwambia, baba, ndani ya hii mashine mna vitu vingi, kuna cha kutoa sauti, kuna cha picha, kuna cha mtandao. Vyote ni vizima. Ila nimebadilisha mfumo unaovisimamia, ni kama kampuni imepata tajiri mpya. Huyu tajiri havijui hivi vitu. Kila kimoja kinataka mtu wake wa kukiendesha, anayekijua.

"Ehe," akasema.

"Huyo mtu si mtu, ni programu ndogo. Inaitwa..."

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Inaitwaje?"

"Dereva, baba."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mzee akaangalia kioo cha kompyuta, zile alama za njano. Akaangalia nje, uani, pale alipopaangalia jana yake.

"Kwa hiyo dereva mliyekuwa mnamtafuta ndiye huyu."

"Ndiye huyu, baba. Utusamehe."

Alivua baraghashia, akaikung'uta vumbi ambalo halikuwepo, akaivaa tena. Mimi nilikuwa nimeshika mausi ya kompyuta siisogezi. Nikageuka nikamwona Zuhura mlangoni, mwiko mkononi, sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

Nilisubiri ainuke. Nilishaona atakavyochukua mto, atakavyochukua mfuko, atakavyofika Kisarawe na watu wa pale kijiweni watakavyomuuliza vipi dereva, gari limeshakufa?

Mzee akauliza, "Umempata?"

"Nani, baba?"

"Huyo dereva."

"Bado. Nimemleta mmoja, anakataa kukaa."

"Basi mtafute vizuri. Tukose gari na dereva tumkose, itakuwa aibu sasa."

Akasogeza stuli mbele kidogo. Akauliza, "Huyo unayemleta, leseni yake daraja gani?"

Nilitaka kucheka, nikaona anauliza kweli. Akanieleza. Mtu ana leseni ya gari dogo, si mwongo, si mwizi, anajua kazi yake. Lakini umkabidhi basi la abiria? Atakataa kama ana akili. Akasema labda huyo wako ana akili.

Wakuu, mmoja wenu kwenye ule uzi aliniuliza mashine yangu ni biti ngapi. Nikamjibu 64, kwa kujiamini kabisa, kwa sababu niliona kila mtu humu anasema 64. Sikuwa nimeangalia.

Nikafungua sehemu inayoonyesha mfumo. 32.

Yaani siku zote hizo nilikuwa nampa dereva wa basi bajaji.

Hapa niwe mwangalifu. Sitaki mzee apewe sifa isiyo yake, wala yule member anyang'anywe ya kwake. Member ndiye aliyeuliza kwanza. Ila yeye aliuliza kwa neno ambalo sikulielewa nikaona aibu kusema, mzee akauliza kwa neno ninalolijua.

Nikadownload wa biti 32. Wa Windows 10 kwa modeli ile hawakuwepo, nikachukua wa Windows 8, nikamwinstall kwa njia ya compatibility, ile ya kumfanya akubali mfumo usio wake, kama mlivyonifundisha. Ikaomba kuzimwa na kuwashwa. Tukasubiri. Mzee alikuwa anasubiri kama mtu aliyemsikia fundi akisema jaribu kuwasha.

Ikawaka. Nikabonyeza wimbo.

Niliposhindwa kusikia ile wiki nilikuwa nimepandisha sauti mpaka mwisho, na nikasahau. Kwa hiyo ilitoka yote. Ba, be, bi, bo, bu, nyumba nzima, kuku wakatawanyika uani na mvua ile.

Mzee hakushtuka. Alisogeza sikio kwenye spika.

"Huyu ni Zuhura."

"Ndiye, baba."

Ilikuwa ile sauti ya zamani, kabla ya koo. Nyororo, inapanda bila kukwaruza. Mzee alikuwa hajui kama tuliirekodi, hatukuwahi kumwambia. Akamgeukia binti yake aliyesimama mlangoni, yule asiyeweza kuimba, huku huyu mwingine anaimba kwenye spika. Wimbo ukaisha.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Zuhura akarudi jikoni. Nilipomfuata alikuwa amegeukia ukuta, mwiko bado mkononi.

Sasa mngesema hadithi imekwisha, sauti imepatikana. Mimi sikuona hivyo. Kompyuta ilikuwa imepata dereva wake, na dereva wangu alikuwa hana gari.

Jumatano asubuhi mzee akafunga mfuko. Akasema atakula chakula cha mchana, kisha aondoke. Alivaa lile shati jeupe. Akakaa barazani nyuma ya watoto, akasikiliza masomo yote, kompyuta ikiimba, wao wakiitikia.

Mchana ndiyo saa ya watoto kurudi kwao. Wa karibu hufuatwa. Wa ng'ambo ya barabara Zuhura huwavusha mwenyewe wawili wawili, maana barabara ile malori ya mchanga hayana siku ya mapumziko. Akiwapeleka hawa, wale wengine anawaacha na mimi kama nipo. Kama sipo, anakwenda mbio.

Siku ile kulikuwa na madimbwi. Watoto wakatawanyika, kila mmoja na dimbwi lake. Zuhura anaita, sauti haitoki. Anapiga makofi.

Mzee akaweka mfuko chini. Akaniomba kamba.

Nikampa ile ya kufungia turubai. Akaifunga mafundo, kwa nafasi ya hatua hatua, na kila fundo akamshikisha mtoto. Hakukaripia. Aliwaambia tu, kila abiria na siti yake. Wakatulia, wakuu, sijui kwa nini vijana wanaonisaidia matofali hawanisikii hivyo. Akashika mwanzo wa kamba, akasimama mbele.

Akamwambia Zuhura, "Gari lisilo na dereva ni hili hapa."

Kisha akanigeukia mimi. Akanitazama usoni sawasawa.

"Na wewe Mnyamwezi, kupanda gari mlikuwa hamjui, kazi yenu mizigo kichwani. Shika nyuma, uwe utingo."

Tangu nimwoe binti yake, ndiyo mara ya kwanza mzee yule ananitania.

Nilipaswa kumjibu. Mtani hujibiwa, ukinyamaza umeshindwa. Nikamwambia, haya baba, lakini Mzaramo akiendesha tutasimama kila penye ngoma. Zuhura akaziba mdomo kwa mtandio. Mzee akacheka mpaka kamba ikatikisika na watoto wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Tukaenda. Yeye mbele, mimi nyuma nimeshika fundo la mwisho. Barabarani akasimama, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaangalia kulia tena, akainua mkono. Lori la mchanga lilikuwa linakuja. Likapunguza, likasimama. Dereva wake akatoa kichwa akaamkia. Mzee hakuitikia kwa mdomo, alimwinulia vidole viwili kwenye ukingo wa baraghashia, ile salamu ya madereva wanapopishana. Na yule akamrudishia.

Tulishusha abiria mmoja mmoja, kila mmoja mlangoni kwao. Tukarudi na kamba tupu.

Mzee akamwambia Zuhura, "Gari lenu zuri. Halina breki, lakini zuri."

Mfuko aliurudisha ndani mwenyewe.

Alhamisi akaendesha tena. Ijumaa mapema akaondoka Kisarawe, akasema anawahi swala ya Ijumaa kwao, na anakwenda kuchukua nguo, maana alikuja na chache. Atarudi Jumapili.

Lakini aliondoka na mto.

Mimi sikugundua. Zuhura ndiye aliyegundua, amesimama pale ilipokuwa stuli. Akasema dereva akitoka na mto wake, huyo ameshaacha gari.

Jana hatukupiga simu, tuliogopa wote wawili. Nimefyatua matofali mvua ikiwa inatishia, nikiwaza. Labda alifika kijiweni wakamcheka. Labda mama mkwe alimwambia ukweli kwa namna mbaya. Au labda ni mimi. Najiuliza kama tulimpa kazi au tulimpa mchezo. Mtu aliyepitisha malori ya saruji kwenye tope la masika, unamkabidhi kamba ya turubai. Zuhura anasema kamba hakukabidhiwa, aliiomba mwenyewe. Ni kweli, aliiomba mwenyewe. Lakini aliiomba kwangu, na mimi ndiye niliyemwambia gari halijawa tayari.

Basi niandike nilichojifunza, kabla giza halijaingia.

Kwa upande wa kompyuta: kabla ya kubadilisha mfumo, drivers wadownload kwanza, wakae kwenye flash, hasa wa mtandao. Modeli isome kwenye kibandiko, usikisie. Zile tovuti zinazoahidi kukutafutia drivers wote kwa mara moja nilijaribu moja, ikataka kuniwekea vitu nisivyovijua, nikakimbia. Na biti angalia kwa macho yako. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema sijui. Aibu yake ni fupi.

Kwa upande mwingine sina hakika nimejifunza nini. Labda ni kwamba mzee aliyekaa bila kazi anasikia neno la kazi hata likiwa mbali, hata likisemwa na mtu asiye na sauti.

Display bado inanisumbua, maandishi bado makubwa. Zuhura anasema yaachwe, watoto wanayaona vizuri. Mwenye ujuzi anisaidie hata hivyo. Na wale wenye wakwe au wazazi wa namna hii, naomba mniambie bila kunionea haya: nilipaswa kumwambia Jumatatu ile ile, pale aliposhuka kwenye bodaboda? Mimi nusu yangu inasema ndiyo.

Ngojeni, kuna pikipiki nje.

Nimerudi. Imepita kama saa nzima, nimekuta bando bado lipo.

Ni yeye. Kalowa mabega. Mfuko mkubwa zaidi, na kwapani mto. Sikuutambua mara moja. Mama mkwe ameuvua ile nguo iliyopauka, ameushonea foronya mpya, kitenge cha bluu chenye maua makubwa. Ndiyo maana aliuchukua.

Mzee ameuweka kwenye kiti cha barazani, akaupiga kofi moja kuuweka sawa. Akauliza gari limelala wapi. Zuhura akamwonyesha kamba, nimeining'iniza msumarini karibu na mlango. Akaishika fundo moja moja, akakaza lile la nyuma, la kwangu. Akasema utingo huyu mzembe.

Nimemsomea Zuhura yote haya. Amesema niondoe pale jikoni aliposimama kugeukia ukuta. Nimemwomba pabaki, amefikiri, amekubali.

Jioni hii tumekula mihogo ya nazi, mihogo ya shamba lake mwenyewe aliyokuja nayo, na dagaa wa kukaanga. Mzee ameongeza mara mbili. Zuhura alikuwa anapakua huku anaguna ule wimbo wa ba be bi, chini chini, kwa sauti ile aliyobaki nayo, na baba yake alikuwa anaitikia.